Ardhi Isirudishwe na Sumu Yake

Jina la Macalder, katika Nyatike, Kaunti ya Migori, likitajwa, watu hufikiri dhahabu. Kufikiri hivyo si kosa. Kosa ni kukomea hapo. Machimbo hayo yalitoa dhahabu zamani za ukoloni, na katika miaka ya 1950 yakatoa shaba, hata yalipofungwa mwaka 1966. Waliofunga walichukua kilichokuwa na thamani, wakaacha mashimo pamoja na marundo ya mawe yaliyosagwa yakawa laini kama unga. Wachimbaji wadogo wameyarudia marundo hayo mara nyingi kutafuta punje zilizosalia, wakaongeza mengine juu yake. Wachimbaji wa Tanzania huyaita mabaki ya namna hiyo marudio, na jina hilo linafaa, kwa maana kila mtu huyarudia na hapana ayaondoaye.

Wapo wasemao kwamba ardhi kama hii igawiwe wananchi bila kukawia, walime, walishe ng'ombe, wajenge masoko na shule. Shauri hilo lina sura ya huruma, nami nalipinga. Wananchi wanastahili ardhi. Ndiyo sababu haifai kupewa ugonjwa ulioandikiwa hati.

Tazama kilichomo katika udongo ule. Mawe ya Macalder yana shaba na zinki zilizoungana na salfa. Yakiwa chini, hayana neno. Yakisagwa na kunyeshewa mvua, salfa hugeuka asidi, na asidi huyeyusha aseniki na risasi iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Kisha huja zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga, nayo huishika dhahabu. Huikamua katika kitambaa, huichoma motoni, mvuke hupaa, dhahabu hubaki. Mvuke huo huvutwa na yeye, na mkewe apikaye karibu, na mtoto aliye mgongoni. Unaosalia huanguka juu ya majani na paa. Wengine hutumia sianidi, sumu iuayo upesi, lakini jua na hewa huivunja hatimaye. Zebaki, aseniki na risasi hazivunjwi na chochote: ukizichemsha zipo, ukizifukia zipo, mjukuu wako atazikuta. Uchunguzi wa machimbo ya Migori uliochapishwa mwaka 2002 ulizikuta zote tatu kwa wingi usiofaa. Basi mtu apandaye sukuma katika udongo huo bila kuupima anapanda nini?

Ndugu zetu wa Homa Bay wasidhani kwamba neno hili ni la jirani. Mto Migori huingia Mto Kuja, na Kuja huingia Ziwa Victoria. Zebaki ikifika katika tope, vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Samaki mdogo huila, mkubwa humla mdogo, na mtu humla mkubwa. Huko Minamata, nchi ya Japani, maradhi yaliyotoka katika samaki wenye zebaki yalitambuliwa mwaka 1956, wakati watu walikuwa wamekwisha kupooza na kufa. Sisemi kwamba samaki wa ziwa letu wamefikia hapo. Nasema kwamba mvuvi wa Mbita hana ukuta wa kumtenga na Nyatike, na marundo yale hupungua kila masika bila mtu kuyachota.

Wengine huona dawa ni kumfukuza mchimbaji mdogo. Ni rahisi kumlaumu mtu mwenye tope magotini. Mimi mwenyewe nimevaa pete ya dhahabu, wala sijui ilitoka shimo gani. Mchimbaji afundishwe kuiacha zebaki na apewe chombo kingine, lakini hata akiondoka leo, rundo la mwaka 1966 halitamfuata.

Tena kuna wasemao kwamba kusafisha hakuwezekani. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, risasi iliyotoka katika mawe ya dhahabu iliua watoto zaidi ya 400. Udongo wa juu ulikwanguliwa nyua kwa nyua, ukafukiwa mbali, ukaletwa udongo safi. Kijiji kikubwa cha Bagega kikamalizwa mwaka 2013. Kazi ilifanywa kwa majembe na malori. Kwetu Kenya watu hupenda kutaja Bamburi, karibu na Mombasa, ambako tangu mwaka 1971 machimbo ya mawe ya chokaa yalipandwa mivinje, wakaletwa majongoo kuyalainisha majani, hata pakawa msitu. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini chokaa si aseniki. Mtu atakayepanda miti juu ya marundo ya Macalder na kuita hayo usafi atakuwa ameifunika sumu kwa kivuli. Kwanza pimeni, udongo mbaya uondolewe au ufunikwe kwa udongo wa mfinyanzi, asidi ipozwe kwa chokaa, mashimo yazibwe. Halafu pandeni, na pengine mahali pengine pawe pa mbao tu, pasiwe pa mboga milele.

Gharama ni ya nani? Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imegawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Naogopa siku litakapotolewa shauri kwamba jamii itumie lile fungu lake la kumi kusafisha uchafu ambao haikuufanya. Lipingwe. Waliochimba walipewa kibali na serikali, na serikali ya leo ndiyo mrithi wa ile. Aliyerithi shamba amerithi na deni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi, na haki hiyo si maneno matupu: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda, walipewa na mahakama shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakapokonywa katika rufani, na Mahakama ya Juu ikawarudishia ushindi wao Desemba 2024.

Kazi ianzie viwanja vya shule, kabla ya mashamba na masoko, kwa sababu mtoto hutia mkono kinywani. Na majibu ya vipimo yabandikwe ukutani hapo shuleni kwa Kiswahili na Kijaluo, mahali ambapo mama aletaye mtoto asubuhi ataweza kuyasoma.