Kariakoo: Alilia Laivu Kadi Imekufa, Kumbe Draiva Tu! Nani Amuombe Nani Radhi?

Kuna kijana mmoja wa Kariakoo, jina kapuni, ambaye kila usiku anaendesha mabasi ya mikoani laivu. Siyo mabasi ya kweli jamani. Ni lile gemu la Euro Truck Simulator 2, kapachika basi lenye rangi za kwetu na honi za kwetu, halafu yeye mwenyewe ndo dereva, ndo konda, ndo abiria anayelalamikia chenji. Watu wanacheka, wanatuma zawadi, kodi ya chumba inalipwa. Ndo kazi yake hiyo.

Sasa usiku mmoja basi likaanza kwenda kama picha za mnato. Fremu 11, mara 12 kwa sekunde. Anakata kona, basi linaibukia upande wa pili wa barabara. Jamaa akaingia laivu macho mekundu, akamtaja mshkaji wake anayefanya kazi ofisi moja pale Posta: "Huyu mwana kaniua. Kaniwekea Linux, kadi imekufa, mtaji wangu umeenda." Mashabiki nao hawana dogo. Mshkaji akaoga matusi siku mbili mfululizo mpaka akafunga akaunti.

Kisa kilianzia hapa. Laptopu ya jamaa ni mtumba, prosesa ya Intel kizazi cha 7, kadi ya grafiki NVIDIA GTX 1050. Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana. Yani mashine nzima kabisa lakini imetolewa kwenye foleni. Mshkaji wa Posta akaona hamna noma, akaja na flashi jioni baada ya kazi, akaweka Linux Mint, akala ubwabwa wa watu, akapanda mwendokasi akaondoka.

Asubuhi baada ya zile kelele, jamaa akabeba laptopu mpaka kwa fundi mmoja Mtaa wa Aggrey. Fundi akaiwasha, akaitazama kama dakika tatu, akachukua elfu kumi ya kuangalia, akatoa hukumu: "Bosi wangu, kadi imekufa hii. Mtumba ndo ulivyo. Niachie kwa laki mbili na nusu, uongeze hela nikupe nyingine." Jamaa akarudi nyumbani kuanza kupiga hesabu ya kuuza friji.

Aliyemuokoa ni mdogo wake wa kike, yuko chuo. "Kaka, kabla hujauza friji, hebu fungua lile dirisha jeusi la amri, andika hivi." Akamuandikisha lspci -k. Ikashuka orodha ndefu, na chini ya jina la kadi ya NVIDIA kuna mstari umekaa kimya: Kernel driver in use: nouveau.

Basi. Kesi nzima ilikuwa kwenye huo mstari.

Nouveau ni draiva iliyoandikwa na watu wa kujitolea ambao kwa miaka mingi walikuwa wanachungulia tu kadi za NVIDIA zinavyofanya kazi, maana kampuni haikuwapa siri zake. Linux nyingi ukiziweka zinaanza nayo. Inawasha kioo, unaangalia video, unaandika barua. Lakini kwa kadi za GTX 900 na GTX 1000 kuna kizuizi kibaya: ili kadi ipandishe kasi inahitaji programu ndogo yenye sahihi ya NVIDIA yenyewe, na nouveau haikupewa njia ya kuitumia kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kadi inabaki na kasi ile ile ya kuwakia, gia namba moja. Na kwa laptopu yenye grafiki mbili kama ya jamaa, gemu lilikuwa halijafika hata kwenye hiyo NVIDIA. Lilikuwa linabebwa na ile ndogo ya Intel iliyomo ndani ya prosesa. Dada alipoandika glxinfo -B, jina lililotokea ni Intel. GTX 1050 imekaa pembeni inakula umeme wa bure.

Na huu ugomvi siyo wa jana. Mwaka 2012, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akiwa Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, aligeukia kamera akaionyesha NVIDIA kidole cha kati, na tusi juu. Ingekuwa Bongo hiyo ni kiki ya mwezi mzima.

Dawa ipo na haina maajabu. Kwenye Mint unafungua sehemu ya kusimamia draiva, unachagua ile ya NVIDIA yenyewe iliyopendekezwa, unashusha mzigo wa mamia ya MB. Bando la siku likakata hapo hapo. Wakaristati, hola, basi bado linajikokota. Hapa ndo wengi wanakata tamaa na kurudi kwa fundi. Kumbe laptopu ilikuwa na Secure Boot imewashwa, ule ulinzi unaokataa draiva isiyotambulika. Wakati wa kuweka draiva unaombwa utunge paswedi, halafu ukiristati linatokea skrini la bluu linakuuliza kama unaikubali. Linakaa sekunde chache tu. Jamaa aliliona, akadhani mashine inakata roho, akabonyeza aendelee. Mara ya pili wakalisubiri kama basi la mwisho la Gerezani, wakaingiza paswedi, draiva ikapita.

Bado kulikuwa na kona moja. Mint kwa laptopu za grafiki mbili hupenda kutumia Intel kwa kila kitu ili kutunza chaji, NVIDIA inaitwa kwa kazi maalum. Gemu hili halikuwa likiita. Wakaandika sudo prime-select nvidia, wakaristati tena, na usiku ule basi likapanda Kitonga fremu 60.

Sasa tugawane lawama, maana kwenye komenti kila mtu kamuangukia mmoja.

Fundi ndo mwenye kosa kubwa. Kadi hufa kweli, hakuna anayebisha. Lakini kadi inayokufa mara nyingi ina dalili zake, kama mistari na vidoti vya rangi kwenye kioo.  Kuangalia draiva ni amri moja, haifiki dakika. Kama hujaiangalia, elfu kumi ya kuangalia umechukua ya nini? Na ukitangaza kifo halafu wewe huyo huyo ndo mnunuzi wa maiti, watu watawaza vibaya tu.

Mshkaji wa Posta naye asijifiche. Ukimuwekea mtu Linux halafu hujamuwekea draiva, hujamaliza kazi. Umemjua ni mtu wa gemu, umeiona stika ya NVIDIA pale pembeni, ungekaa nusu saa zaidi. Na kuna mambo alitakiwa aseme mapema. Kwamba gemu za mpira za EA kama FC 25 hazichezeki kwenye Linux kwa sababu ya kile kilinda-udanganyifu chao, na hapo hakuna draiva itakayosaidia. Kwamba kadi za GTX 1000 zinafika mwisho na draiva za namba 580, kwa hiyo kukimbilia kila toleo jipya ni kutafuta kesi nyingine. Hakusema hata moja.

Lakini jamaa mwenyewe ndo anakera zaidi. Alimtukana mtu laivu, kwa jina, mbele ya maelfu, kabla hajauliza swali hata moja. Mdogo wake ilimchukua jioni moja. Ile video ya matusi mpaka leo ipo na inaendelea kuangaliwa. Ya kuomba radhi? Aliweka stori moja, maandishi meupe kwenye background nyeusi, "Tumeyamaliza." Baada ya saa 24 ikafutika. Mshkaji wa Posta akaunti yake bado imefungwa.

Haya wadau, komenti ziko wazi: video ishushwe au ibaki? Na ile elfu kumi ya fundi, irudi isirudi?