Tairi Lililoliwa Upande wa Ndani



Mama mmoja wa Balambala, katika Kaunti ya Garissa, ametuletea swali lisilo la kawaida katika safu hii. Mwanawe alinunua gari dogo mjini Mombasa kutoka kwa mtu aliyekuwa amelishusha chini kwa ajili ya urembo. Kijana alilitia matairi mapya. Kabla ya miezi mitatu kupita, matairi mawili ya mbele yalikuwa yamelika upande wa ndani hadi nyaya kuonekana, ilhali upande wa nje ungali na meno yake. Kijana asema ameuziwa matairi mabovu, na ataka mama amsaidie kununua mengine. Mama auliza: kosa ni la matairi kweli, au liko mahali pengine? Auliza kwa kuwa gari hilo ndilo linalompeleka yeye na wajukuu wake mjini Garissa.

Jawabu letu ni kwamba tairi ni shahidi kabla ya kuwa mshitakiwa. Tairi hulika pale linapolemewa au linapoburutwa. Lau ubovu ungekuwa wa kiwandani, ni nadra mno matairi mawili, la kulia na la kushoto, kuharibika mahali pale pale kwa kiasi kile kile. Yakiliwa yote mawili upande wa ndani, sababu itafutwe katika gari.

Kila ulaji una maana yake. Tairi likiliwa katikati tu, upepo umezidi. Likiliwa kingo zote mbili na katikati pakabaki, upepo ni mdogo au mzigo umepita kiasi. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka duara lake, aghalabu shokomzoba zimechoka au gurudumu halina uwiano. Na likiliwa upande mmoja, gurudumu halikusimama wima au halikuelekea mbele sawasawa.

Tuje sasa kwenye gari lililoshushwa. Kulishusha ni kuzifupisha springi, ama kwa kutia nyingine fupi, ama kwa kuzikata zile za asili. Mikono inayoyashika magurudumu ilipangiwa kimo maalumu na mtengenezaji. Kimo hicho kikibadilika, mikono nayo hubadili pembe, na katika magari mengi sehemu ya juu ya gurudumu huinama ndani, mfano wa mtu aliyesimama akitanua miguu. Hapo uzito wa gari huangukia ukingo wa ndani wa tairi.

Lakini kuinama peke yake huwa hakumalizi tairi upesi kiasi hicho. Jambo la pili ndilo kali zaidi, nalo ni mwelekeo. Magurudumu mawili ya mbele hutakiwa kutazama mbele kwa pamoja. Gari likishushwa, vyuma vya usukani navyo hubadili pembe, na magurudumu huweza kutazamana au kupeana kisogo. Yakipeana kisogo, kila tairi hulazimishwa kwenda upande wake huku gari likilivuta mbele, nalo husuguka katika kila hatua ya safari. Yakikutana mawili hayo, kuinama na kusuguka, ukingo wa ndani huisha kwa muda mfupi sana.

Alama ya kusuguka yaweza kutambuliwa kwa mkono. Hakikisha kwanza kwa macho kwamba hakuna nyaya zilizochomoza, kisha pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka ndani kwenda nje, halafu kutoka nje kurudi ndani. Ukihisi ulaini njia moja na makali kama ya msumeno njia ya pili, mwelekeo wa gurudumu umepotea.

Ikiwa matairi ya nyuma ndiyo yaliyoliwa, hukumu yaweza kuwa nyingine. Baadhi ya magari huwa na ekseli moja nzima nyuma, na kuyashusha hakuinamishi magurudumu hayo. Ulaji wa upande mmoja hapo huashiria ekseli iliyopinda au chuma kilicholegea.

Hali ya Balambala yazidisha tatizo. Gari lililoshushwa lina nafasi ndogo ya kucheza baina ya gurudumu na bodi. Barabara ya murami yenye mawimbi na mashimo, abiria watano na magunia nyuma, vyote huligongesha gari chini mara kwa mara. Shokomzoba hufa, bushi hupasuka, na huenda tairi likasugua bodi. Kagua ubavu wa tairi: ukiona mstari unaong'aa au mikato ya duara, linagusa mahali. Na joto la Garissa, ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35, huzidi kulichosha tairi lililokwisha dhoofika.

Basi mama afanye nini? Kwanza, matairi yale yenye nyaya nje yasisafiri tena, hata mara moja. Tairi la namna hiyo hupasuka bila ya kutoa onyo, na likipasuka mbele, usukani waweza kumponyoka dereva. Hatari hii hujificha, kwani atazamaye kwa nje huona tairi zima. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, usukani ukatwe hadi mwisho ili ukingo wa ndani uonekane, na kurunzi itumike.

Pili, akague upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko ambacho kwa kawaida huwa karibu na mlango wa dereva. Upepo ukipanda adhuhuri baada ya safari, usipunguzwe. Ni joto, nao utashuka wenyewe.

Tatu, fundi alikague gari kwa chini: springi zimekatwa au ni nzima? Bushi, boljointi na tairodi zimelegea? Kupima alaimenti kabla ya kubadilisha vyuma vilivyolegea ni kupoteza pesa, kwani kipimo hakitadumu.

Nne, kimo cha gari kirudishwe kwa springi za asili. Springi iliyokatwa haifai kubaki. Pamoja na kufupika, huenda isikae imara katika kikombe chake gari likiruka shimo. Kwa njia ya Balambala, kimo cha asili ndicho kinachofaa.

Tano, alaimenti ipimwe baada ya hayo yote, na matairi mapya yafungwe hapo, si kabla. Kuyahamisha matairi ya mbele kwenda nyuma bila ya kutibu sababu ni kuyapeleka mengine mawili katika maradhi yale yale. Baada ya mwezi, atazame tena. Achukue njiti ya kiberiti, aisimamishe ndani ya mfereji wa tairi na kupima kina kwa ukucha: ndani, katikati, nje. Vina vitatu vikilingana, tiba imefaulu. Ndani ya mifereji hiyo mna vinundu vidogo vya mpira vyenye urefu wa milimita 1.6, meno yakishuka hadi kulingana navyo, tairi limekwisha.

Kuna neno moja kwa kijana. Mtu ana haki ya kulipamba gari lake. Lakini akishampakia mama yake na watoto, gari limebeba amana, na urembo hauna nguvu mbele ya amana. Na akitaka kuliuza gari hilo likiwa katika hali hiyo, amweleze mnunuzi aibu yake waziwazi. Kulivisha matairi mapya ili ulaji usionekane ni ghishi.

Mama naye asimkemee mwanawe mbele ya wenzake. Amwite faraghani, amwonyeshe ukingo wa ndani kwa kurunzi, na amwambie: "Mwanangu, pesa ya matairi nitakusaidia, lakini itatoka springi zikisharudi." Pesa hiyo ikitangulia, itakuwa imeliwa kabla ya miezi mitatu mingine.

Wabillahi tawfiq.