MAELEZO YA ZANA YASIWE MAFUMBO

Hadi mwaka 2005 Gisenyi lilikuwa jina la mkoa. Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, Gisenyi ni mji, na ni mojawapo ya kata 12 za Wilaya ya Rubavu. Rubavu nayo, pamoja na kuwa jina la wilaya, ni jina la kata nyingine iliyomo ndani ya wilaya hiyo hiyo. Wananchi hawapotezwi na jambo hili, kwani mwenye shaka humwuliza mwenzake akajibiwa. Hatari huanza pale kazi inapokabidhiwa mtumishi asiye na desturi ya kuuliza.

Mtumishi huyo amekwisha kufika. Mwezi Aprili 2023 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Sera ya Taifa ya Akili Mnemba, na katika nchi nyingi ofisi zimeanza kuwatumia mawakala wa akili hiyo. Wakala tunayemsema hapa siye yule wa kibanda cha kutuma fedha. Ni programu inayopewa lengo, kisha ikachagua yenyewe zana za kulitimizia: ya kutafuta kumbukumbu, ya kutuma ujumbe, ya kulipa, ama ya kufuta. Programu hiyo huzijua zana kwa kusoma maelezo mafupi yaliyoandikwa na fundi, yaani jina la zana, kazi yake, na mambo inayohitaji kupewa. Ndivyo ulivyo hata utaratibu wa kuunganisha programu na zana uliotolewa na kampuni ya Anthropic ya Marekani mwezi Novemba 2024. Kwa wakala, maelezo ndiyo zana yenyewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mafuriko na maporomoko ya siku hizo yaliua zaidi ya watu 130 nchini, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Tuseme kesho iundwe zana ya kutoa onyo, na maelezo yake yawe haya tu: “Hutuma ujumbe kwa wakazi wa Rubavu.” Wakala akidhani ni kata ndiyo iliyokusudiwa, watu wa Nyundo walio kandokando ya Sebeya watalala bila kuonywa, na taarifa itarudi ofisini ikisema kazi imekamilika.

Mafumbo ya namna hiyo ni mengi hapa mpakani. Faranga ni za Rwanda au za Kongo? Saa mbili ni ile ya asubuhi kwa hesabu yetu, au ni saa nane za usiku kama mashine inavyohesabu?

Sisi tuliopitia mafunzo ya makadeti twajua gharama ya amri yenye utata. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava, Lord Raglan aliwaamuru askari wa farasi wa Uingereza wazuie mizinga isichukuliwe na adui. Kutoka kilimani aliiona mizinga aliyoikusudia. Waliokuwa bondeni hawakuiona. Askari wapatao 670 walishambulia mizinga mingine iliyokuwa mbele yao, na zaidi ya 100 wakafa. Mwandishi wa maelezo ya zana naye yuko kilimani, na wakala yuko bondeni.

Wako wasemao kwamba mashine za leo zina akili ya kutosha kukisia. Twakubali kwamba hukisia, na mara nyingi hupatia. Lakini fedha za umma na maisha ya watu haviwekwi juu ya kisio.

Kwa hiyo twawaasa mafundi na wakuu wao wazingatie haya. Kwanza, jina la zana litaje kazi yake, na maelezo yaseme inafanya nini na haifanyi nini. Pili, kila kinachoingizwa kitajwe pamoja na kipimo chake: faranga za Rwanda, saa za mfumo wa 24, wilaya pamoja na kata. Tatu, ielezwe kama tendo laweza kutenguliwa, na kama likirudiwa litatendeka mara mbili, maana malipo yakirudiwa ni hasara. Nne, zana ikishindwa itamke kilichoshindikana na hatua ya kufuata, badala ya kutoa namba tupu ya kosa. Tano, yatajwe matendo ambayo lazima yaidhinishwe na binadamu. Aidha, zana ikibadilishwa, maelezo yake yabadilishwe siku hiyo hiyo.

Kazi hii isiachiwe kijana wa mwisho kuajiriwa baada ya wengine kwenda nyumbani. Mkuu wa ofisi ayasome maelezo kabla ya kuyapitisha, kisha ampe mtu asiyeijua zana hiyo ayasome naye. Msomaji huyo akilazimika kuuliza swali hata moja, maelezo yarudishwe kwa mwandishi, kwa kuwa wakala hataliuliza.