Mzee akisema alipigana vita, nani athibitishe?

Huku Udom mambo ni yale yale: majaribio juu ya majaribio, upepo, vumbi, na bumu linasubiriwa kama mvua. Leo siandiki habari za bweni wala foleni ya kantini. Kuna jambo linanikaa kichwani tangu likizo na nimeona niliseme hapa, maana wengi wetu tunaosoma ualimu tutakwenda kulikuta vijijini.

Swali langu ni hili. Mzee akisema alikwenda vitani na nishani yake hakupata, au jina lake limeandikwa vibaya kwenye karatasi, kazi ya kuthibitisha ni ya nani? Ni yake peke yake, au na sisi tunahusika?

Kila Julai 25 ni Siku ya Mashujaa. Hapa Dodoma tuna Uwanja wa Mashujaa na mnara wake, na mwaka 2016 sherehe za kitaifa zilifanyika hapo hapo. Mnajua utaratibu: Rais anaweka mkuki na ngao, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Inapigwa tarumbeta, watu wananyamaza. Ni jambo zuri na mimi nalipenda. Lakini mnara unamkumbuka shujaa kwa jumla. Nishani ni kitu kingine, maana ile ni ya mtu mmoja, mwenye jina lake na namba yake. Kwa hiyo jina likikosewa, mtu huyo anabaki mnarani pamoja na wote lakini kwenye daftari hayupo.

Tuanze na vita ambavyo wazee wetu wengi wanavizungumzia. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Mwalimu akalihutubia taifa Novemba 2, yale maneno ya nia, sababu na uwezo tuliyoyasikia wote. Mutukula ikachukuliwa Januari 1979, Masaka Februari, Kampala ikaanguka Aprili 11, na vita vikaisha mwanzoni mwa Juni. Tuliosoma historia tunazijua tarehe hizi. Ambalo hatulifikirii sana ni idadi ya watu. Jeshi lilikuwa na askari chini ya 50,000, na kwa wiki chache likapanuka kupita 100,000, kwa kuongeza polisi, magereza, JKT na mgambo kutoka mikoani. Sasa jiulize, ni makarani wangapi waliandika majina yale yote, kwa mkono, usiku na mchana, watu wakipanda malori?

Kwetu, upande wa Kongwa, yupo mzee mmoja tunayemwita babu ingawa si babu yangu wa damu. Alikwenda akiwa mgambo, kijana wa miaka ishirini na kitu. Anakueleza Masaka ilivyokuwa hadi unanusa moshi. Nishani hana. Likizo iliyopita nilimsindikiza kwenye ofisi moja, nisiyoitaja. Kijana aliyetupokea hakuwa na ubaya wowote. Alitafuta kwa jina lililo kwenye kitambulisho, hakuliona. Akauliza namba ya jeshi, babu akaitaja kwa moyo kama sala, lakini karatasi ya kuthibitisha haipo, iliungua pamoja na nyumba ya nyasi zamani hizo. Tukaambiwa tulete uthibitisho. Njiani kurudi babu akaniambia, "Mjukuu wangu, uthibitisho ni mimi."

Sasa kabla mtu hajasema hizo ni porojo za wazee, hebu tuangalie jinsi jina la mtu wa huku linavyopotea. Kigogo chenyewe kinajiita Chigogo. Kile "chi" cha kwetu, karani aliyezoea Kiswahili anakigeuza kuwa "ki" bila hata kujua. Halafu kuna "ng'" yenye kikoma cha juu. Kikoma kikidondoka jina linakuwa la mtu mwingine. Na zamani mtu alikuwa na jina la nyumbani na jina la ubatizo, leo anatumia hili kesho lile. Umri ndiyo usiseme. Wazee walihesabu kwa njaa, fulani kazaliwa njaa hii, fulani njaa ile. Weka yote hayo katika daftari moja la mwaka 1978 halafu umtafute mtu huyo leo kwa kuandika jina lake kwenye kompyuta, herufi kwa herufi. Utampata?

Wenzangu wa chuo hili mnalijua vizuri sana. Ni nani kati yetu hana rafiki ambaye cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha kidato cha nne kinasema vile? Herufi moja tu, na mtu anazunguka na hati ya kiapo miezi mizima huku wenzake wameshapata bumu. Na sisi ni vijana, tuna simu, tuna wakili wa kumlipa elfu kadhaa. Mzee wa miaka sabini na zaidi, kutoka kijijini, nauli ya kuazima, afanye nini?

Tena tatizo hili halikuanza na Kagera. Jeshi la kikoloni la KAR ndilo lililozaa Tanganyika Rifles mwaka 1961. Baada ya maasi ya Januari 1964 yaliyoanzia kambi ya Colito Dar es Salaam, jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1, 1964 ikaundwa JWTZ. Hata jina la kambi lilibadilika, leo ni Lugalo. Kwa miaka mitatu tu majeshi matatu! Colito lenyewe lilikuwa jina la mapigano ya Ethiopia ya Mei 19, 1941, walikopigana vijana wa batalioni ya sita ya KAR, batalioni ya Tanganyika. Sajenti Nigel Leakey, mzungu wa Kenya, alivamia vifaru vya Waitaliano akafa siku ile, na Novemba 1945 ikatangazwa kuwa amepewa Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza kwa ushujaa vitani. Alistahili. Lakini angalieni, miaka minne baadaye kuna watu walikaa wakafuatilia jambo la marehemu mmoja hadi likakamilika. Na askari weusi waliokuwa pale uwanjani siku hiyo, ni wangapi tunaweza kuwataja kwa majina?

Kisa kingine kinachekesha kidogo. Eric Wilson, ofisa wa Kiingereza aliyepigana Somaliland Agosti 1940, aliandikwa kwamba amekufa, akapewa Victoria Cross kama marehemu. Kumbe yuko hai, mfungwa wa Waitaliano! Rekodi ikasahihishwa, akaja hata kufanya kazi ya utawala hapa hapa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1961, na alifariki mwaka 2008. Yaani karatasi ikisema umekufa na wewe upo, karatasi ndiyo inayokubali kushindwa. Kumbe inawezekana.

Tukirudi nyuma zaidi ndiyo utalia. Dodoma ilitekwa na majeshi ya upande wa Uingereza mwishoni mwa Julai 1916. Wajerumani kabla yao na Waingereza baada yao walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ikafuata njaa ya Mtunya, na wanahistoria wanakadiria iliua watu 30,000 kati ya Wagogo 150,000. Mtu mmoja kati ya watano. Wapagazi wale hawakupata nishani, na wengi hata kaburi lenye jina hawakupata. Nenda Dar, pale Samora, utazame Sanamu ya Askari iliyowekwa 1927. Maandishi yake yanaahidi kwamba wana wa waliokufa watakumbuka majina yao. Sasa tafuta hayo majina. Hakuna hata moja.

Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri yenyewe: watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika Mashariki, Waafrika Magharibi, Wamisri na Wasomali, hawakukumbukwa kwa usawa na wengine. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wao wa ulinzi akaomba radhi bungeni. Miaka mia baadaye! Radhi ilimkuta nani?

Najua kuna hoja za upande wa pili na sizidharau. Ya kwanza: matapeli. Ukifungua mlango, kila mwenye mvi atasema alifika Kampala. Ni kweli, na nishani ikigawiwa kama pipi haina maana tena kwa aliyeivujia jasho. Kwa hiyo sisemi watu waaminiwe kwa maneno matupu. Ninachosema ni kwamba kukosekana kwa karatasi kusihesabiwe kuwa ushahidi wa uongo.

Ya pili: mzee ana shida ya dawa na chakula, nishani ya nini? Hii nimeisikia hata darasani. Jibu langu, tusimchagulie mzee. Dawa anahitaji, ndiyo, lakini heshima pia ni mali yake. Wajukuu zake wanamsikia akisimulia halafu wanamcheka kwa sababu hana cha kuonyesha. Hilo linamuuma kuliko magoti.

Ya tatu: rekodi zimepotea, basi. Hapana bwana. Wamarekani mwaka 1973 waliunguliwa na jengo la kumbukumbu huko St. Louis, majalada kati ya milioni 16 na 18 ya wanajeshi yakateketea. Hawakusema basi. Wanatumia karatasi nyingine, za malipo na kadhalika, kuijenga upya habari ya mtu. Tena wana bodi maalumu za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi, na muda wa kuomba ukipita bodi inaweza kukubali kwa ajili ya haki. Na Januari 1997 Rais Clinton alitoa Medal of Honor kwa askari weusi saba wa Vita Kuu ya Pili, maana wakati wa vita hakupewa hata mmoja. Kati ya saba, aliyekuwa hai ni mmoja tu, Vernon Baker. Haki ilifika, lakini ilichelewa basi karibu zima.

Kwa hiyo mimi napendekeza hivi. Majina yatafutwe kwa matamshi, siyo kwa herufi tu, na anayetafuta awe na mtu anayejua lugha ya huko mzee anakotoka. Orodha za walioondoka zisomwe kwenye mkutano wa kijiji, watu waseme huyu tunamjua, huyu hatumjui. Kijijini kudanganya ni kugumu, maana kila mtu anakumbuka nani aliondoka na nani alibaki akilima. Wenzake watatu waliokuwa kombania moja wakihojiwa kila mmoja peke yake, na maelezo yakalingana, yahesabiwe kuwa ushahidi. Na jibu litolewe kwa maandishi, hata likiwa hapana, liwe na sababu.

Na sisi walimu watarajiwa? Tukienda mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu na cha nne wanafundishwa historia ya Afrika wakati mzee aliyeiishi amekaa nje ya uzio wa shule akiuza karanga. Muite. Wanafunzi waandike jina lake kama anavyolitamka yeye, kombania yake, kamanda wake, walikopita, nani aliumia. Mzee asikie akisomewa, aweke dole gumba. Nakala moja ibaki shuleni, moja apewe yeye. Siyo nishani, lakini siku akiulizwa uthibitisho atakuwa na pa kuanzia.

Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1978 sasa anakaribia sabini au ameshapita. Hili siyo jambo la kusubiri bajeti ijayo wala kamati. Mimi naanza na yule babu wa Kongwa, daftari nimeshanunua. Ninyi wa Iringa, Singida, Tabora, Mara, mna wazee wangapi mitaani kwenu? Mnaonaje wadau, tuanze?