Udaktari au afya ya jamii: Kijana achague njia ipi?

Matokeo ya kidato cha 6 yakishatangazwa, familia nyingi nchini Tanzania huanza kupiga hesabu. Kijana aliyefaulu vizuri Fizikia, Kemia na Baiolojia huambiwa na karibu kila mtu akasome udaktari. Lakini siku hizi kuna jina jingine linalotajwa sana kwenye mazungumzo hayo: afya ya jamii. Wapo wanaosema ni njia fupi, haina damu wala zamu za usiku, na kazi zake ziko kwenye mashirika yanayolipa vizuri.

Swali hili haliwahusu wanafunzi peke yao. Tabibu wa zahanati anajiuliza, muuguzi anajiuliza, na daktari kijana aliyemaliza masomo akakaa nyumbani bila ajira naye anajiuliza. Nyuma ya kila mmoja wao mara nyingi yuko mzazi anayefikiria kuuza ng'ombe au kipande cha shamba ili ada ipatikane.

Makala hii inaeleza tofauti ya njia hizo mbili, nani hasa analipa mishahara ya kila upande, na kwa nini mwaka 2025 ulibadilisha hesabu ambayo watu wengi walikuwa wameizoea.

Njia hizi hazianzii mahali pamoja

Mkanganyiko mwingi unatokana na ushauri unaosambaa mitandaoni kutoka Marekani. Kule, mwanafunzi husoma kwanza shahada ya kawaida, kwa kawaida miaka 4, ndipo achague kati ya kwenda chuo cha udaktari au kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Kwake yeye njia zote mbili ziko wazi siku moja.

Tanzania mambo hayako hivyo. Udaktari wa binadamu ni shahada ya kwanza. Mwanafunzi anaingia akitokea kidato cha 6, anasoma miaka 5, kisha anafanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, yale yanayoitwa intanshipu. Hiyo ni miaka 6 kabla hajaanza kutafuta ajira ya kudumu.

Shahada ya uzamili ya afya ya jamii, ambayo wengi wanaiita MPH, huja baadaye. Inachukua mwaka 1 hadi 2 kutegemea chuo na utaratibu wa kusoma, lakini sharti mwombaji awe tayari na shahada ya kwanza. Stashahada peke yake haitoshi.

Kwa hiyo kijana wa kidato cha 6 hawezi kuchagua leo kati ya udaktari na MPH. Uchaguzi wake halisi ni kati ya udaktari na shahada nyingine ya kwanza, kama uuguzi, maabara au afya ya mazingira. MPH ni hatua ya baadaye, na daktari naye anaweza kuichukua. Madaktari wengi wanaosimamia huduma za afya kwenye halmashauri wamepita huko.

Jambo la pili la kujua ni kwamba MPH haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Anayetibu kama daktari lazima awe amesomea udaktari na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu aliyesoma sosholojia kisha akachukua MPH anaweza kuwa mtaalamu mzuri sana wa afya ya jamii, lakini hawezi kumwandikia mgonjwa dawa.

Kazi zenyewe zinatofautianaje?

Mfano mzuri ni mlipuko wa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera. Serikali ilitangaza mlipuko wa kwanza Machi 2023. Watu 9 walihesabiwa kuugua na 6 kati yao walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Mlipuko mwingine ulitangazwa Januari 2025 wilayani Biharamulo, ukaua watu 10.

Katika mlipuko wa namna hiyo, daktari na muuguzi wanakuwa ndani ya chumba cha wagonjwa. Wanampa mgonjwa maji, wanapunguza homa, wanajaribu kuokoa maisha ya mtu mmoja mmoja. Wakati huohuo kundi jingine liko nje. Linauliza mgonjwa alilala wapi, alihudhuria msiba gani, nani alimwosha marehemu. Linawafuatilia waliomgusa kwa siku 21, linazungumza na viongozi wa dini na wenyeviti wa vitongoji, linaandika takwimu kila jioni. Hiyo ndiyo kazi ya afya ya jamii. Kundi moja likikosekana, jingine linazidiwa.

Mfano mwingine ni chandarua. Kuanzia mwaka 1997, watafiti waliokuwa Ifakara walifuatilia matumizi ya vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro. Walikuta kwamba kwa watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miaka 4 waliolala ndani ya vyandarua hivyo, uwezekano wa kuendelea kuishi uliongezeka kwa asilimia 27. Hakuna daktari anayeweza kupata matokeo hayo akiwa amekaa chumba cha kuonea wagonjwa, hata awe hodari namna gani. Lakini chandarua nacho hakimsaidii mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua saa 8 usiku. Huyo anahitaji mtu anayejua kutibu, tena haraka.

Kuna tofauti nyingine ambayo haisemwi sana. Daktari huona matunda ya kazi yake: mgonjwa aliyeletwa kwenye machela anaondoka akitembea. Mtu wa afya ya jamii akifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Kipindupindu hakiji, na hakuna anayerudi kushukuru kwa ugonjwa ambao haukumpata. Anayetaka kazi hii ajiulize kama anaweza kuishi hivyo miaka 30.

Nani analipa mshahara?

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu, na ndipo ushauri mwingi wa mitaani unapokosea.

Mwajiri mkubwa wa madaktari Tanzania ni serikali. Zipo pia hospitali za mashirika ya dini na za binafsi, lakini serikali ikichelewa kutoa vibali vya ajira, madaktari wanabaki nyumbani hata kama wagonjwa wamejaa hospitalini. Mwaka 2017 Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500. Mpango huo ulipokwama mahakamani nchini Kenya, Rais wa wakati huo, John Magufuli, aliagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba nafasi hizo waajiriwe hapa nyumbani. Tukio lile lilionyesha wazi kwamba nchi yenye uhaba wa madaktari inaweza pia kuwa na madaktari wasio na kazi. Uhaba hupimwa kwa idadi ya wagonjwa, ajira hutegemea bajeti.

Kenya nako hali haikuwa tofauti. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Moja ya madai yao makubwa lilikuwa malipo ya madaktari walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi, wakati makubaliano ya mwaka 2017 yalitaja takribani 206,000.

Upande wa afya ya jamii mlipaji alikuwa tofauti. Serikali inaajiri maofisa afya na waratibu, lakini zile kazi zilizowavuta vijana wengi kwenye MPH, za gari la mradi, kompyuta na posho, kwa sehemu kubwa zililipwa na wafadhili wa nje. Mkubwa kati yao alikuwa Marekani, kupitia mpango wake wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003 na miradi ya malaria na kifua kikuu.

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Kufikia Julai 1 mwaka huohuo, shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa limefungwa na kazi zilizobaki kuhamishiwa wizara ya mambo ya nje. Katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, watumishi wa mikataba walipata barua za kusimamishwa: watunza takwimu, wasimamizi wa miradi, wanasihi. Wengi wao hawakuwa wamekosea kitu kazini. Mlipaji wao alikuwa ng'ambo, naye aliamua kuondoka.

Hii haina maana kwamba afya ya jamii imekufa. Ina maana kwamba anayesoma MPH leo asiisome kwa matumaini ya soko la mwaka 2015.

Kijijini anahitajika nani?

Zahanati nyingi za vijijini hazina daktari mwenye shahada. Zinaongozwa na tabibu au tabibu msaidizi, akisaidiana na muuguzi. Daktari yuko hospitali ya wilaya na kwenye baadhi ya vituo vya afya. Kwenye kata yuko ofisa afya, yule ambaye wazee bado wanamwita bwana afya, anayekagua vyoo, visima na mabucha.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 ndani ya miaka 5. Wahudumu hao watahitaji mtu wa kuwasimamia, kusoma taarifa zao na kugundua mapema kitongoji fulani kinapoanza kuharisha kupita kawaida. Hiyo ni kazi ya afya ya jamii, na iko wilayani na kwenye kata, mbali na ofisi za mashirika za Dar es Salaam.

Tena njia ya kuingia huko haianzii kwenye shahada ya uzamili. Vyuo kama Ngudu mkoani Mwanza na Kagemu mjini Bukoba vinafundisha afya ya mazingira. Kijana anayependa kazi ya kinga anaweza kuanzia hapo, na anaweza pia kusoma shahada ya kwanza ya afya ya mazingira Muhimbili kwa miaka 3.

Hesabu ya kila mmoja

Kwa kijana wa kidato cha 6 mwenye alama za kutosha na moyo wa kutibu, udaktari bado ndio msingi mpana zaidi. Ni mrefu, lakini haufungi mlango wa afya ya jamii, kwa sababu daktari anaweza kuongeza MPH akitaka. Kinyume chake hakiwezekani: mwenye MPH anayetaka kutibu kama daktari atarudi kuanza mwaka wa kwanza. Asiyependa kabisa kuwa karibu na wagonjwa asilazimishwe na ukoo. Miaka 6 ni mingi kuipoteza kwa ajili ya sifa ya jina la daktari.

Kwa tabibu mwenye stashahada aliyefikisha miaka 30, kurudi kusoma udaktari kunamaanisha kuanza kazi ya udaktari akiwa na miaka 36, kama atapata ajira mara moja. Inawezekana, na wapo waliofanya hivyo. Ila kwanza aulize ofisi ya utumishi ya halmashauri kama atapewa ruhusa ya masomo na kama mshahara utaendelea. Jibu la swali hilo linaweza kuamua kila kitu.

Kwa daktari kijana asiye na ajira, MPH isiwe mahali pa kusubiria. Shahada ya pili bila uzoefu haimwongezei sana mtu ambaye hajawahi kusimamia hata chanjo ya kata moja. Kwa aliyekwisha kuajiriwa, anayeijua wilaya yake na ana swali analotaka kulijibu, shahada hiyohiyo ina faida kubwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ada

Je, chuo na kozi vinatambuliwa? Kwa shahada, uliza Tume ya Vyuo Vikuu. Usitegemee tangazo la simu peke yake.

Fedha zinatoka wapi? Mikopo ya serikali imelenga zaidi shahada ya kwanza. MPH wengi hujilipia au hulipiwa na mwajiri. Kumbuka pia kwamba aliyekopa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi akishaajiriwa.

Nani amewaajiri waliomaliza miaka 2 iliyopita? Tafuta watatu au wanne, uwaulize wanafanya nini sasa na nani anawalipa.

Mradi ukifungwa, utabaki na nini? Mwenye leseni ya kutibu au kuuguza ana mahali pa kurudi. Asiyekuwa nayo afikirie mapema.

Kitu cha kutazama katika bajeti zijazo ni kama serikali itazichukua zile nafasi zilizokuwa zikilipwa na wafadhili na kuziweka kwenye mishahara ya halmashauri. Ikifanya hivyo, afya ya jamii itakuwa kazi ya kudumu kama ualimu. Isipofanya, mzazi anayeuza ng'ombe ili mtoto asome MPH atakuwa ametegemea mfuko wa mtu ambaye hajawahi kufika kijijini kwake.