Lugha chafu wodini: Je, kosa ni la muuguzi peke yake?

KILA ifikapo Mei 12, siku ya kuzaliwa Florence Nightingale, wauguzi nchini huvaa sare zao nyeupe, huwasha mishumaa na kurudia kiapo chao mbele ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi naye, awe waziri au mkuu wa mkoa, ni nadra kumaliza hotuba bila kuwaonya wale wanaotoa lugha chafu kwa wagonjwa. Kesho yake kila mmoja hurejea wodini kwake, na malalamiko ya wananchi huendelea kama kawaida.

Malalamiko hayo si uzushi. Utafiti uliofanyika katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, na kuchapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba asilimia 19 ya kina mama waliohojiwa mara baada ya kuruhusiwa walisema walitendewa isivyostahili wakati wa kujifungua, kwa kukaripiwa, kudharauliwa au kupuuzwa. Miongoni mwa waliohojiwa tena wiki kadhaa baadaye, wakiwa majumbani kwao, kiwango kilifikia asilimia 28. Tofauti hiyo haishangazi. Nani athubutu kumsema nesi angali langoni mwake, akijua kwamba chanjo ya mtoto itamrudisha pale pale?

Wapo wanaoamini kwamba dawa ya tatizo hili ni adhabu. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza mamlaka ya kusajili, kutoa leseni na kuwachukulia hatua wanaokiuka maadili. Mamlaka hayo ni ya lazima, kwani anayempiga kofi mama aliye katika uchungu hana utetezi wowote. Hata hivyo, adhabu humfikia mmoja baada ya kosa kutendeka, ilhali mazingira yaliyozaa kosa hilo hubaki yakimsubiri mwingine.

Mazingira hayo yana historia. Katika miaka ya 1990 Serikali ilisitisha ajira mpya, likiwa ni mojawapo ya matokeo ya mageuzi ya uchumi, na wauguzi waliostaafu hawakupata warithi wa kutosha. Kisha, mwaka 2007, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliolenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Lengo lilikuwa jema, lakini jengo hukamilika kwa miezi. Muuguzi husomeshwa kwa miaka, kisha husubiri kibali cha ajira.

Matokeo yake ni kijana aliyetoka chuoni na maadili yake yote kupangwa zamu ya usiku peke yake katika wodi ya wazazi. Kina mama watatu wanasukuma kwa wakati mmoja, glovu zimekwisha, daktari hajafika. Usiku wa namna hiyo ukijirudia, yale ya darasani hufifia, naye huiga alichokikuta. Akimkuta muuguzi kiongozi anayefoka, atafoka. Akimkuta anayemwita mgonjwa kwa jina lake na kuvuta pazia kabla ya kumpima, atafanya hivyo hivyo. Katika mjadala huu, nafasi ya muuguzi kiongozi wa wodi ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

Korogwe ilijaribu njia nyingine. Watumishi na wananchi waliandaa pamoja mkataba wa huduma kwa mteja, na wauguzi wenyewe wakashirikishwa kutafuta kasoro za wodi yao, ikiwamo ukosefu wa faragha, na kuzirekebisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa takribani theluthi mbili, ikilinganishwa na Muheza ambako mpango huo haukutekelezwa.

Mgeni rasmi wa Mei 12 ijayo angefanya vema kuomba aonyeshwe ratiba ya zamu za usiku kabla hajafungua hotuba yake.