Kindu si Kabambare: kilometa za angani hazimfikishi mgonjwa hospitalini

Kutoka kiwanja cha ndege cha Ndjili, Kinshasa, mpaka Kindu ni karibu kilometa 1.200 za angani. Ndege kubwa inazimaliza kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa hesabu hiyo wakubwa wanasema Maniema imekuwa karibu. Wanashuka Kindu, wanapokelewa, wanafanya mkutano, wanarudi. Kisha inatangazwa kwamba wametembelea jimbo.

Lakini jimbo haliishii Kindu. Toka Kindu mpaka Kasongo, angani ni kilometa 185 hivi. Ndege ndogo inayokwenda kilometa 250 kwa saa inazimaliza kwa dakika 45. Barabara inazunguka, inapita kilometa 200. Toka Kasongo mpaka Kabambare, hata kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilometa 110. Kwa ndege ni nusu saa. Kwa pikipiki, wakati wa jua, ni kazi ya kutwa. Mvua ikinyesha, hakuna mwenye pikipiki anayeahidi siku ya kufika.

Sasa nani anapanda hiyo ndege ya nusu saa? Si mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Si muuza mchele wa Kasongo. Si familia iliyokimbia vita upande wa Salamabila, watoto mgongoni na sufuria kichwani. Hao wanahesabu safari kwa mito, matope na bariere.

Wapo wanaojitetea: barabara ni bei kali, tuanze na viwanja vya ndege. Hakuna anayekataa kiwanja. Lakini ndege ndogo inabeba tani moja au mbili, na lori moja linabeba kumi na zaidi. Chumvi, sabuni na dawa hazitashuka bei Kabambare kwa njia ya angani. Tena kiwanja kinafungwa. Goma kilifungwa na vita Januari 2025, na watu wameona maana yake. Asiye na barabara, siku hiyo amefungiwa ndani.

Mpango wa maendeleo wa teritware 145 uliahidi pia barabara za kuunganisha vijiji na masoko. Kasongo na Kabambare zimo katika hizo 145. Ahadi ni deni. Serikali na wabunge wa kusini waseme wazi: ni kilometa ngapi zimetengenezwa, madaraja mangapi yamesimama, na feza za bariere zinakwenda wapi.

Na mkubwa atakayekuja tena kusema Maniema ni karibu, apande pikipiki Kasongo mwezi wa kumi na moja, alale njiani, afike Kabambare. Halafu ndiyo atangaze muda wa safari.